Kabla ya Kuomba Kompyuta Mpya, Tupewe Ruhusa ya Kupima

Ukitoka Mpanda mjini kuelekea Sumbawanga, baada ya kilomita kama 35 unafika Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kiangazi, Mto Katuma hubaki madimbwi, na viboko hubanana humo karibu na daraja kama tunavyobanana sisi siku ya kusaini bumu. Mwaka jana nilikaa pale wiki nane, fildi. Nilienda nikidhani nitawafundisha watu kompyuta. Nilichogundua ni kwamba mimi mwenyewe, mwaka wa tatu, masomo ya kompyuta, matokeo yangu siyo ya kuonea aibu, nilikuwa sijui kuipima kompyuta. Naandika makala hii kwa sababu naamini tuko wengi, na kwa sababu naona chuo kina mkono wake katika hilo.

Nianze na kisa chenyewe.

Mradi niliopangiwa, jina lake naliacha, ulikuwa na kamera za kutega, zile zinazofungwa kwenye mti na kujipiga zenyewe mnyama akipita. Vijana wawili wa kijijini walikuwa wanazizungukia kwa pikipiki kubadilisha betri na kadi, na walilipwa posho kwa kazi hiyo. Kadi zikifika ofisini, picha zinamwagwa kwenye diski moja ya nje. Halafu kuna programu inayopitia picha moja baada ya nyingine, inasoma tarehe na saa, na kuandika faili dogo la maelezo pembeni ya kila picha.

Nilipofika, kazi hiyo ilikuwa inaanza asubuhi na kuisha usiku, ikiisha. Niliambiwa kwamba mwanzoni mwa mradi ilikuwa inamalizika kabla ya chai ya saa nne. Kila mwezi mashine ilizidi kuwa nzito. Mzee wa ofisi alikuwa ameshafanya uamuzi. Siku ya pili nilipomwamkia akaitikia, "Marahaba. Kijana, usihangaike na hiyo mashine, imechoka. Nimeshaandika barua tununue mpya."

Nikamuuliza hela itatoka wapi. Akasema kwenye fungu la posho za wale vijana wa kamera. Watapumzika miezi michache, mambo yakikaa sawa watarudi.

Hakuwa na ubaya wowote, mzee yule. Alikuwa anafanya kile tunachofanya wote. Kitu kikiwa kizito tunasema kimezeeka, na kikizeeka tunanunua kingine. Lakini ndugu msomaji, vijana wale wana familia, na hakuna aliyekuwa amepima chochote.

Nikakaa kwenye mashine. Ilikuwa inaendesha Ubuntu. Kwanza nikafungua `top`. Prosesa ilikuwa na kazi kweli kweli, lakini angalia hapa: sehemu kubwa ya muda haikuwa inatumiwa na programu yenyewe. Ilikuwa kwenye safu ya `sy`, maana yake muda unaotumika ndani ya kerneli. RAM ilikuwa na nafasi. Taa ya diski ilikuwa inawaka kwa nadra. Nikasoma `/proc/pressure/io`, faili ambalo kerneli za Linux kuanzia toleo la 4.20 zinaweza kuwa nalo, linaloonyesha ni kwa asilimia ngapi ya muda kazi zimekwama zikisubiri diski. Karibu na sifuri. Basi diski haina kosa, RAM haina kosa, programu yenyewe haifanyi mengi. Nani anakula muda?

Kwa wenzangu wa fani nyingine: kerneli ni kiini cha mfumo endeshi. Programu haigusi diski yenyewe, inaiomba kerneli iifungulie faili. Ni kama masjala ya ofisi ya serikali. Wewe huingii ndani kuchukua jalada, unaomba dirishani. Ukisubiri dirishani saa tatu, unaweza kulaumu jengo, unaweza kulaumu karani, lakini ukweli wa kwa nini umechelewa uko ndani, usikofika. Kupima utendaji kwa kiwango cha kerneli ni kuruhusiwa kuchungulia ndani ya masjala na kuona karani anafanya nini.

Kifaa cha kuchungulia kipo. Kinaitwa `perf`, na msingi wake umo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 2.6.31 la mwaka 2009. Nikakiita. Kikanikatalia. Ujumbe ulikuwa mrefu, lakini maana yake ilikuwa fupi: huna ruhusa, na `perf_event_paranoid` iko kwenye 4.

Nikampigia simu mtaalamu aliyeifunga ile mashine, yuko Mpanda. Nikamwomba paswedi ya msimamizi. Akacheka. "Mdogo wangu, paswedi ya mashine ya watu haitolewi kwenye simu." Nilikasirika sana. Nilimwona mbinafsi, mtu wa kubania ujuzi. Leo nasema wazi kwamba yeye alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea, na sababu nitaieleza.

Jumamosi alikuja Sitalike mwenyewe, tukakaa pamoja. Kwanza akanieleza ngazi za kile kizuizi, jambo ambalo darasani sikuwahi kulisikia. Ukiweka -1, karibu kila kitu kiko wazi kwa kila mtu. Ukiweka 0, mtumiaji wa kawaida hawezi kusoma data ghafi za sehemu za ufuatiliaji zilizomo kwenye kerneli. Ukiweka 1, hawezi kupima prosesa nzima, anapima kazi zake tu. Ukiweka 2, ambayo ndiyo ngazi ya kawaida ya Linux tangu toleo la 4.6, anapima programu zake lakini haoni kinachoendelea ndani ya kerneli. Debian na Ubuntu wameongeza ngazi zao juu ya hizo, na 4 ya Ubuntu inamfungia mtumiaji wa kawaida mlango wote.

Mafundisho mengi utakayoyakuta mtandaoni yanakwambia, andika -1 uendelee na maisha. Mtaalamu alikataa. Alishusha mpaka 2 tu, akaiandika kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/` ili isipotee mashine ikizimwa. Kisha akaunda kikundi cha watumiaji, akaniweka mimi na msaidizi wa ofisi humo, na kifaa cha `perf` peke yake akakipa uwezo unaoitwa `CAP_PERFMON`. Uwezo huu uliingizwa kwenye Linux 5.8 mwaka 2020 kwa ajili ya jambo hili hili: mtu apewe ruhusa ya kupima bila kupewa funguo za nyumba nzima.

Msidhani mambo yalinyooka mara moja. Tulitoa uwezo kwa `/usr/bin/perf`, tukajaribu, hola. Kumbe kwenye Ubuntu lile faili ni hati fupi tu inayoita `perf` halisi iliyokaa ndani ya `/usr/lib`, kwenye folda yenye jina la toleo la kerneli. Tukatoa uwezo kule. Safari hii kikapima, lakini badala ya majina ya shughuli za kerneli tukaletewa namba tupu, kwa sababu kuna kizuizi kingine, `kptr_restrict`, kinachoficha anwani za kerneli. Tukaongeza `CAP_SYSLOG` kwa kifaa kile kile, majina yakatokea. Na akanionya: kerneli ikisasishwa, `perf` mpya itakuja bila ruhusa hizi, itabidi kurudia. Yote hayo, pamoja na chai na mihogo, yalichukua kama saa mbili.

Kisha tukapima. Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuhesabu: prosesa ina vihesabio vyake vya ndani, unaviuliza matukio fulani yametokea mara ngapi. Ya pili ni kuchukua sampuli: kila baada ya muda mfupi unapiga picha ya haraka, unaona prosesa iko kwenye shughuli gani, halafu unajumlisha. Watu wa Katavi wanaielewa hii kuliko sisi. Sensa ya wanyama kwa ndege kwa kawaida haihesabu kila nyati. Ndege inapita kwenye mistari iliyopangwa, wanahesabiwa walio ndani ya ukanda, halafu inakadiriwa idadi ya eneo zima. Ukipanga mistari vizuri, makadirio yanatosha kufanyia uamuzi. Sisi tulichukua sampuli 99 kwa sekunde. Kwa nini siyo 100? Ili sampuli zetu zisiende sambamba na shughuli za mashine zinazojirudia kwa namba za mviringo, tukaishia kuona kitu kimoja kila mara.

Jibu lilikuja ndani ya dakika moja. Juu kabisa ya orodha, likiwa limeyaacha mengine mbali, palikuwa na jina `exfat_find_dir_entry`. Kwa Kiswahili cha kawaida: kerneli inatafuta jina la faili ndani ya folda.

Tukafungua ile diski ya nje. Ilikuwa imeandaliwa kwa mfumo wa exFAT, ule wa kadi kubwa za kamera na flashi, na picha zote tangu mradi uanze zilikuwa ndani ya folda moja. Zaidi ya laki moja, na kila moja na faili lake la maelezo pembeni. Sasa, folda ya exFAT haina faharasa. Ni orodha tu. Kerneli ikiombwa faili, inapitia orodha jina kwa jina mpaka ilione. Programu ikitaka kuandika faili jipya, lazima kwanza orodha yote ipitiwe kuhakikisha jina hilo halipo. Orodha yenyewe ilikuwa imeshaingia kwenye RAM, ndiyo maana taa ya diski haikuwaka. Karani wetu alikuwa anapekua rundo zima la majalada kwa kila mteja, na kila mwezi rundo lilikua. Mashine haikuwa imezeeka. Folda ndiyo ilikuwa imenenepa.

Tukagawa picha kwenye folda ndogo ndogo, kwa kamera na kwa mwezi. Jumatatu kazi ikaanza saa mbili asubuhi, na saa tatu ilikuwa haijafika imeisha. Gharama ilikuwa nauli ya mtaalamu kutoka Mpanda. Mzee aliichukua barua yake, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye droo. Vijana wa kamera hawakuambiwa chochote, maana hakukuwa na la kuwaambia. Waliendelea na kazi.

Na kama ile kompyuta mpya ingenunuliwa? Ingechomekewa diski ile ile yenye folda ile ile. Ingekimbia kidogo zaidi, watu wangefurahi, na baada ya miezi kadhaa tungerudi pale pale, ila safari hii bila posho na bila kisingizio cha uzee.

Turudi sasa chuoni.

Kwenye maabara yetu ya kompyuta hali ni moja kati ya mbili. Mashine nyingi zimefungwa kabisa, `perf` haifanyi kazi, na ukiuliza unaambiwa ni usalama. Chache, hasa zile zilizoachwa na wanafunzi wa miradi ya mwaka wa mwisho, zimewekwa -1 na paswedi ya msimamizi imebandikwa kwa kalamu chini ya kibodi. Hali zote mbili ni mbaya, na zote mbili zinatokana na uvivu ule ule wa kutotaka kufikiria nani apewe nini.

Nawaheshimu wanaotaja usalama. Siyo maneno matupu. Mwenye uwezo wa kupima kerneli na prosesa nzima anaona pia nyendo za kazi za watu wengine kwenye mashine hiyo. Vipimo vya muda na kumbukumbu ya haraka ya prosesa ndivyo vilivyotumika kwenye mashambulizi ya Meltdown na Spectre yaliyotangazwa Januari 2018, na anwani za kerneli zikivuja zinamrahisishia kazi mshambuliaji. Kwenye seva yenye matokeo yetu ya UE, mimi mwenyewe sitaki mwanafunzi yeyote, hata rafiki yangu, awe na ruhusa hiyo. Ndiyo maana nasema yule mtaalamu wa Mpanda alikuwa sahihi kuninyima paswedi. Lakini angalieni alichofanya baada ya kuninyima. Alipanda pikipiki akaja kunipa kile nilichokihitaji, kwa kipimo chake. Maabara zetu zimejifunza nusu ya kwanza tu ya somo hilo.

Wapo watakaosema mwanafunzi hahitaji haya, ayakute kazini. Huko kazini wapi? Mimi niliyakuta Sitalike, kwenye ofisi yenye kompyuta moja. Hakukuwa na idara ya tehama. Ningekuwa sijui, na mtaalamu asingekuja, vijana wawili wangekosa posho kwa sababu ya folda. Wengi wetu hatutaajiriwa na kampuni kubwa za Dar zenye wataalamu kumi. Tutakuwa sisi ndio "mtu wa kompyuta" pekee kwenye halmashauri, kituo cha afya au mradi fulani mkoani, na mkubwa wa ofisi atatugeukia kuuliza anunue au asinunue. Jibu letu litakuwa na hela ya mtu mwingine ndani yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vipimo ndivyo daftari la mashine.

Na wanafunzi nao nisiwaache. Tunalalamika mno. Kundi la darasa kila siku "maabara ni mbovu, mashine nzito". Ni nani aliyewahi kuleta namba? Mwenye laptopu yake ana paswedi yake, hana wa kumnyima. Hata kwenye mashine iliyofungwa, `vmstat` na `top` vipo wazi, na kwa kawaida mafaili ya `/proc/pressure` hayahitaji ruhusa ya mtu. Tukienda kwa mkuu wa maabara na namba atatusikiliza tofauti na tukienda na hasira. Mimi nilienda na hasira mwaka wa pili, nikatolewa nje kistaarabu.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na yote hayahitaji bajeti.

Kwanza, mashine za maabara ziwekwe kwenye 2. Hii peke yake inatuwezesha kupima programu zetu wenyewe bila kuona kerneli wala kazi za wenzetu.

Pili, zitengwe mashine chache, tuseme tano, zisizo na data za mtu yeyote, na ziundiwe kikundi cha wapimaji. Mwanafunzi mwenye mradi au zoezi linalohitaji kuona ndani ya kerneli aombe kuingizwa, kwa saini ya mwalimu, na muhula ukiisha aondolewe. Ruhusa iwe kwenye kifaa, kwa njia ya `CAP_PERFMON`, siyo kwa kugawa paswedi. Na ziwe mashine halisi. Kwenye mashine pepe mara nyingi vihesabio vya prosesa havionekani kabisa, unaambiwa tu havipo.

Tatu, seva zenye matokeo, ada na taarifa zetu zibaki zimefungwa, na paswedi za chini ya kibodi zibadilishwe wiki hii. Siyo wiki ijayo.

Nne, somo la mifumo endeshi liwe na zoezi moja la vitendo: mwanafunzi apewe mashine iliyofanywa nzito makusudi, atafute sababu, aandike ukurasa mmoja wa ushahidi. Tunakariri ngazi za upangaji wa kazi kwa ajili ya mtihani, tunazisahau kabla ya kufika getini.

Kuna jambo moja la Sitalike linalonirudia kila nikifikiria haya. Ukisimama darajani kiangazi, unaona maji yamepungua. Unaweza kulaumu jua. Lakini wanaoufahamu Mto Katuma watakwambia kwamba sehemu ya sababu iko upande wa juu, kwenye mashamba ya mpunga na vizuizi vinavyochepusha maji kabla hayajafika hifadhini. Pale darajani unaona tu kwamba maji hayapo. Aliyeyachukua utamjua ukipanda juu.

Barua ya mapendekezo haya nimeshaiandika kwenda kwa mkuu wa idara. Nakala iko kwa mwakilishi wa darasa la mwaka wa tatu, na nafasi za saini zipo. Atakayekuja kusaini aje na kipimo kimoja cha mashine aliyoitumia wiki hii, hata kama ni mistari mitatu ya `vmstat`, tuibandike nyuma ya barua.